Slaidi Inayong'aa Kabla ya Kupakwa Kitu

Swali kutoka kwa msomaji: "Habari Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Nairobi. Ninachunguza pampu ya kalsiamu iitwayo SERCA2 kwenye msuli wa paja la mbuzi, ambao naununua Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi. Nimetumia kingamwili (protini inayotafuta na kushika kitu kimoja maalumu) ya panya, iliyoshikishwa tayari rangi ya kijani ya FITC, kwa kiwango cha 1:50, juu ya vipande vilivyokaa kwenye fomalini siku mbili kisha vikazikwa kwenye nta. Slaidi nzima iling'aa kijani nikafurahi sana. Halafu nikaweka slaidi ambayo sikuipaka kitu, nayo ikang'aa karibu sawa na ile. Msimamizi wangu anasema kingamwili ni mbovu, ninunue nyingine, na chupa hiyo ndiyo iliyomaliza pesa za utafiti. Je, imeharibika kweli?"

Dada, usiitupe hiyo chupa. Slaidi ambayo hukuipaka kitu haina kingamwili yoyote juu yake, nzima wala mbovu. Basi mwanga wake hauwezi kuwa kosa la chupa. Kinachong'aa pale ni nyama yenyewe, na nina shaka kubwa kwamba kamera imeipiga jeki.

Tuanze na kamera, maana hiyo utaichunguza leo hii bila kutumia hata tone la dawa. Programu nyingi za hadubini huja zimewekwa zijipimie mwanga zenyewe. Ukiweka slaidi yenye mwanga mwingi, kamera inafungua jicho kwa muda mfupi, tuseme milisekunde 80. Ukiweka slaidi yenye giza, inavuta subira, sekunde moja, mbili, mpaka picha ijae. Kwenye skrini zote mbili zinatoka kijani kizuri, na wewe unabaki kushika kichwa. Fungua yale mafaili ya picha zako uangalie muda ulioandikwa ndani. Ukikuta kontroli, yaani ile slaidi ya kulinganishia ambayo hukuipaka, ilipigwa kwa muda mara kumi ya ule wa slaidi iliyopakwa, nusu ya swali lako imejijibu. Toka leo zima huo ujipimaji. Tafuta muda unaofaa ukiwa kwenye slaidi iliyopakwa, pale penye mwanga mkali zaidi, uhakikishe hakuna sehemu iliyokwishafika kikomo cha kamera. Kisha usiuguse tena huo muda. Kontroli zote zipigwe kwa muda uleule, kichujio kilekile, taa ileile, siku ileile. Kama kontroli itatoka nyeusi, iache nyeusi, usijaribu kuiokoa.

Sasa tuje kwa nyama. Msuli ni miongoni mwa tishu zinazosumbua sana kwa mwanga wa kuzaliwa nao. Ndani ya mitokondria kuna flavini, na flavini ukiipiga mwanga wa bluu hujibu kwa kijani, pale pale ambapo FITC nayo hujibu, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 520. Kolajeni na elastini, protini za tishu unganishi zilizo kati ya nyuzi na kwenye kuta za mishipa ya damu nazo hung'aa, kuanzia bluu kuelekea kijani. Juu ya hayo umeongeza fomalini. Fomalini hushikamanisha protini kwa viungo vya kikemia ambavyo baadhi yake hutoa mwanga vyenyewe, na kadiri nyama inavyokaa humo ndivyo mwanga huo unavyozidi. Siku mbili kwa kipande cha msuli ni nyingi. Kwa hiyo ulichagua rangi ya kijani, kwenye tishu yenye kijani chake, ukaiongezea kijani cha fomalini. Kingamwili ingefanya nini hapo?

Mimi nami nimeshaingia mtego huu, na kwa aibu kubwa zaidi. Miaka ya mwanzo nilipokuwa nafanyia kazi moyo wa ng'ombe, nilipata vidoa vizuri sana vya manjano kando ya viini vya seli. Nikavihesabu wiki mbili nzima, nikachora na jedwali. Mzee mmoja wa maabara, ambaye kazi yake ilikuwa kukata vipande tu, alichungulia akaniuliza, "Huyu ng'ombe alikuwa na umri gani?" Alikuwa fahali mzee. Vile vidoa vilikuwa lipofusini, taka zinazojikusanya ndani ya seli za moyo kadiri mnyama anavyozeeka, na hung'aa karibu kwa kila rangi unayoitafuta. Jedwali langu lilikuwa jedwali la uzee wa ng'ombe.

Hapo ndipo nilipojifunza jaribio moja la bure. Chukua slaidi isiyopakwa, itazame kwa kichujio cha kijani, kisha kwa kile cha rangi ya chungwa, kisha chekundu. Mwanga wa FITC, kwenye slaidi iliyopakwa, utauona sana kwenye kijani. Mwanga wa nyama yenyewe huvuka mipaka. Kitu kilekile, umbo lilelile, kinaonekana kwenye vichujio viwili au vitatu. Kinachoonekana kote kote si pampu yako.

Unaweza kupunguza mwanga huo. Sudan Black B, asilimia 0.1 ndani ya ethanoli ya asilimia 70, ukiilaza juu ya slaidi dakika kumi hivi baada ya kumaliza hatua za kingamwili, huzima lipofusini kwa kiasi kikubwa, ila usitumie sabuni ya Triton tena baada yake, itaiosha. Lakini kuliko kupigana na kijani, mimi ningekikimbia.

Kukikimbilia wapi? Jibu liko kwenye taa ya hadubini yenu, jambo ambalo watu hawaliulizi. Wengi watakushauri uhamie rangi za wekundu wa mbali kama Alexa Fluor 647, kwa kuwa huko nyama haina mwanga mwingi wake. Ni kweli, ikiwa hadubini ina taa za LED au leza zinazofika huko na kamera inayoona huko, maana jicho lako haliwezi kuuona vizuri. Hadubini nyingi nilizozikuta kwenye maabara za kufundishia zina taa ya zebaki. Taa ya zebaki haitoi rangi zote kwa usawa. Ina vilele vyake: nanomita 365, 405, 436, 546 na karibu 579. Pale 490, ambapo FITC hula, yaani hufyonza mwanga, ni bonde. Pale 640, ambapo Alexa Fluor 647 hula, pia ni bonde. Ila 546 ni mlima, na Cy3 na Alexa Fluor 555 zinakula papo hapo. Kwa taa ya zebaki, rangi ya chungwa inakushinda kijani mara mbili: nyama ina mwanga mchache pale, na taa ina nguvu pale. Ukiwa huko, angalia pia saa za ile balbu. Balbu ya zebaki ya wati 100 kwa kawaida huhesabiwa saa 200 mpaka 300 tu, na nimewahi kukuta inayotumika mpaka mwanga wake unatetema kama kibatari.

Utasema, "Lakini yangu imeshavikwa kijani tayari." Sawa, ila chini ya hilo vazi bado ni kingamwili ya panya. Juu yake unaweza kuweka kingamwili ya pili, ile inayotambua kingamwili ya panya, iliyovikwa Cy3 au Alexa Fluor 555, kisha ukatazama kwenye chungwa ukasahau kijani kabisa. Kingamwili kadhaa za pili zinaweza kupanda juu ya moja ya kwanza, kwa hiyo mwanga unaongezeka, na hiyo ndiyo sababu njia ya hatua mbili huwa na nguvu kuliko ya hatua moja. Bei ya kingamwili ya pili ni ndogo ukilinganisha na ya kwanza, na tena ni kitu cha kuazimana. Bisha hodi maabara ya jirani na kijichupa kidogo mkononi, hutakosa wa kukumiminia maikrolita 20.

Hapa watu wenye tishu ya mbuzi huingiwa na hofu: kingamwili ya pili nyingi hutengenezwa ndani ya mbuzi, je, haitagombana na nyama ya mbuzi? Ni kinyume chake. Mbuzi hatengenezi kingamwili za kushambulia kingamwili zake mwenyewe, kwa hiyo kingamwili ya mbuzi dhidi ya panya itapita juu ya damu ya mbuzi iliyobaki kwenye kipande chako bila kuishika. Ya punda au ya sungura dhidi ya panya ndiyo ungehitaji kuhakikisha imechujwa isishike kingamwili za mbuzi. Na ambayo usiiguse kabisa ni kingamwili ya kwanza iliyotengenezwa ndani ya mbuzi, kwa sababu ya pili yake itashika kila tone la damu ya mbuzi kwenye slaidi. Kwa kuzibia, yaani kufunika mahali ambapo kingamwili ingeshika ovyo, seramu ya kawaida ya mbuzi inakufaa kabisa.

Hayo yote ni ya mwanga. Kuna jambo lingine kwenye barua yako lililonishtua zaidi, na sidhani msimamizi amelitazama: unatafuta SERCA2 kwenye paja.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Msuli ukikaza, kalsiamu humwagika kutoka kwenye vifuko vyembamba vilivyovikwa kama wavu kuzunguka vijiuzi vya ndani ya seli, vifuko tuviitavyo retikulamu ya sakoplazimu. Ili msuli ulegee, kalsiamu hiyo lazima irudishwe ndani, na SERCA ndiyo inayoirudisha, ioni mbili kwa kila molekuli moja ya ATP, ile sarafu ya nishati ya seli. Inaipandisha mlima mkali: msuli ukiwa umetulia, kalsiamu iliyo huru nje ya vifuko ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya ile iliyo ndani. Hasselbach na Makinose kule Ujerumani mwaka 1961, na Ebashi wa Japani akiwa na Lipmann mwaka 1962, ndio walioonyesha kwamba vile vifuko hunyonya kalsiamu kwa kula ATP. Mwaka 2000 Toyoshima na wenzake wakatuonyesha umbo lake atomu kwa atomu, kutokana na msuli wa mbio wa sungura: nguzo 10 zinazopita utando, na kichwa kikubwa kinachoning'inia upande wa sakoplazimu, yaani nje ya vifuko. Hicho kichwa ndicho kingamwili nyingi hukishika.

Sasa, pampu hii ina jeni tatu. SERCA1 ni ya nyuzi za haraka. SERCA2 ina sura mbili kuu: SERCA2a ni ya moyo na ya nyuzi za polepole, na SERCA2b iko karibu kila seli ya mwili, ikiwemo misuli laini ya kuta za mishipa. SERCA3 tuiache, haikuhusu. Misuli mingi ya paja la mbuzi imejaa nyuzi za haraka, zile za kuruka mtaro na kumkimbia fisi. Kwa lugha ya hapa kwetu, paja lina Omanyala wengi, wa mbio fupi, na Kipchoge wachache, wa marathoni. Kwa hiyo hata kingamwili bora ya SERCA2 duniani, ikipakwa vizuri kwenye paja hilo, haipaswi kuing'arisha slaidi nzima. Inapaswa kung'arisha uzi mmoja hapa, miwili pale, na kuta za mishipa ya damu kidogo kama inashika SERCA2b pia, na nyuzi nyingi zilizobaki zikae giza. Picha sahihi ni kama sakafu ya vigae vya rangi mbili, vichache vyeupe kati ya vyeusi vingi. Ulipoona kijani kila mahali, picha yenyewe ilikuwa inakuambia kwamba hiyo si SERCA2, hata kabla hujagusa kontroli.

Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba usiuamini mwanga, amini mchoro. Mwanga unaweza kutoka popote, lakini ni vigumu mchoro sahihi kutokea kwa bahati. Tazama kwa lenzi ya mara 60 au 100. Kwenye mkato wa kukingama, pampu inatakiwa ionekane kama wavu mwembamba uliojaa ndani ya uzi wote, ukizunguka vijiuzi. Kama kinachong'aa ni mstari wa ukingoni tu, umeshika tishu unganishi. Kwenye mkato wa urefu inatakiwa itoke mistari ya kukingama inayojirudia kwa mpangilio wa sakomia, vile vipande vidogo vinavyojipanga kuunda uzi, maikromita mbili na kitu kutoka mmoja hadi mwingine. Ukiiona ile mistari, na kontroli ni nyeusi kwa muda uleule wa kamera, hapo andika kwenye daftari.

Basi unahitaji nyama ambayo jibu lake unalijua kabla ya kuitazama. Rudi Kiamaiko, safari hii usinunue paja peke yake. Nunua moyo, halafu nunua na kichwa. Ndiyo, kile kichwa cha supu. Mnyama anayecheua hutafuna mchana kutwa na usiku pia, na msuli wake wa shavu, ule mnene uliolala juu ya taya, umejaa nyuzi za polepole; kwa ng'ombe karibu zote ni za polepole. Shavu na moyo viwe kontroli yako chanya ya SERCA2. Paja, chagua sehemu nyeupe zaidi, liwe karibu hasi. Weka vipande vyote vitatu kwenye slaidi moja, bega kwa bega, vipate dawa ileile na muda uleule. Kingamwili ikiwasha shavu na moyo, ikaacha paja likiwa na vigae vichache tu, chupa yako ni nzima. Ikiwasha vyote vitatu sawasawa, au isiwashe hata moyo, hapo nitakubaliana na msimamizi wako. Wenye uwezo kidogo huongeza kingamwili ya miosini ya polepole, protini inayotambulisha nyuzi za polepole, kwenye mkato unaofuata, waone kama ni nyuzi zilezile zinazowaka. Ukipata ya kuazima, fanya hivyo.

Kuhusu kuichukua hiyo nyama, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za misuli huharibikia na lawama ikapelekwa kwa chupa. Ningekushauri uachane na nta, ugandishe. Naitrojeni ya kiowevu haikosekani kwetu: yule anayezunguka Kiambu kuwapandisha ng'ombe mbegu anaibeba kwenye mtungi kila siku. Lakini usitumbukize msuli moja kwa moja ndani ya naitrojeni. Inachemka pale inapogusa nyama, inaifunika kwa tabaka la hewa, nyama inaganda polepole, na fuwele za barafu zinatoboa seli mpaka mkato unatoka na matundu kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Weka isopenteni kwenye kikombe cha chuma, kining'inize ndani ya naitrojeni, ukoroge mpaka uone chini panaanza kuganda weupe. Hapo iko karibu na sentigredi 160 chini ya sifuri. Zamisha kipande chako kidogo, nusu sentimita kwa sentimita moja, kwa sekunde 20 hivi. Isopenteni huchemka kwenye sentigredi 28 na hushika moto upesi, kwa hiyo isiachwe kwenye buti la gari juani. Mtungi wa naitrojeni nao usafirishwe madirisha ya gari yakiwa wazi, na tafadhali, usiupandishe matatu.

Kabla ya kugandisha kuna kosa moja linaloonekana kama uangalifu. Mtu akipewa msuli wa moto kutoka kwa mchinjaji huutupa kwenye barafu papo hapo, akidhani anautunza. Msuli ambao bado una ATP ukipozwa ghafla, pampu inazubaa kwa baridi, kalsiamu inavuja, na msuli unajikunja wenyewe. Watu wa nyama huko New Zealand walilieleza jambo hili mwaka 1963 kwa sababu liliwaharibia biashara, na misuli myekundu ndiyo inayoumia zaidi. Sakomia zikijikunja, ile mistari niliyokuambia uitafute inabanana na huitenganishi tena. Kata ukanda mwembamba kufuata nyuzi, ufunge ncha zake mbili kwenye kijiti cha mbao ukiwa kwenye urefu wake wa kawaida, uufunike kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali na kukamuliwa, kisha ugandishe palepale machinjioni ikiwezekana, ndani ya nusu saa. Ukingoja upite foleni ya Juja Road, ATP itakuwa imeanza kuisha, nyama inakakamaa, na vimeng'enya vya ndani vimeanza kukatakata protini.

Kwenye kriostati, mashine ya kukatia nyama iliyogandishwa, kata maikromita 8 mpaka 10 kwa sentigredi 20 chini ya sifuri, acha slaidi zikauke, kisha jaribu njia mbili za kuikaza tishu isiharibike: moja kwa asetoni baridi dakika kumi, nyingine kwa parafomaldehaidi ya asilimia 4 dakika kumi tu, ikifuatwa na Triton ya asilimia 0.2. Kingamwili nyingine hupenda pampu ikiwa na umbo lake, nyingine huipenda ikiwa imefunuka, na karatasi iliyokuja na chupa haisemi kila mara.

Kama ni lazima ubaki na vile vipande vya nta, basi kuna la Nairobi ambalo hutalikuta kwenye maelekezo ya Ulaya. Wanakuambia uchemshe slaidi kwenye bafa ya sitreti ya pH 6.0 ili kufungua viungo vya fomalini, wakidhani maji huchemka kwa sentigredi 100. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji yanachemka karibu na sentigredi 94. Ni sababu ileile inayofanya maharagwe yachelewe kuiva jikoni kwako kuliko Mombasa. Slaidi ulizochemsha kwa dakika walizokuandikia hazikuiva. Tumia sufuria ya presha, au ongeza muda kisha upime.

Halafu fanya westani bloti mara moja, jaribio la kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli kisha kuzitafuta kwa kingamwili, hata kama ni ya kuazima vifaa. Paja, shavu, moyo, njia tatu kwenye jeli moja. Unatafuta mstari karibu na kilodaltoni 110, mzito kwenye moyo na shavu, mwepesi kwenye paja. Sampuli usiichemshe. Protini yenye nguzo 10 za utando ikichemshwa hujifungamanisha, ikakwama juu ya jeli, na wewe ukasema haipo. Iache kwenye bafa ya sampuli kwa sentigredi 37 dakika 20 au zaidi. Ukiona mistari mitatu minne ya uzito tofauti kwenye paja, basi kingamwili inashika na vingine, na hapo ndipo neno "mbovu" litakapokuwa na ushahidi. Ila kumbuka, kwa bloti utahitaji ile ya pili iliyoshikishwa kimeng'enya, na kuna kingamwili zinazofanya vizuri kwenye slaidi zikakataa kwenye bloti.

Kiwango cha 1:50 ni kikali mno kuanza nacho. Kingamwili ikiwa nyingi hushika hata pasipo pake. Fanya ngazi: 1:100, 1:200, 1:400, 1:800, kwenye vipande vya moyo, na pembeni weka kingamwili ya panya ya isotaipu (aina) ileile isiyotambua chochote, kwa kiasi kilekile cha protini. Chagua ngazi ambayo tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa zaidi, ambayo mara nyingi siyo yenye mwanga mwingi zaidi. Utashangaa chupa iliyobaki inaweza kukufikisha mbali.

Na chupa yenyewe, iko wapi sasa hivi? Iliyovikwa rangi haigandishwi, isipokuwa karatasi yake imesema hivyo. Ikae kwenye friji kati ya sentigredi 2 na 8, imefungwa karatasi ya foili, mbali na mlango. Isikae kwenye friji ambayo stima ikipotea Ijumaa hakuna anayejua mpaka Jumatatu. FITC pia huchoka upesi ikipigwa mwanga, na hufifia kwenye asidi, kwa hiyo ukiendelea kuitumia hakikisha dawa ya kufunikia slaidi ina pH karibu 8 au zaidi.

Jambo la mwisho ni kuhusu utakachoandika kwenye tasnifu. Hata ukipata picha safi, zitakuonyesha pampu iko wapi, na kwa uangalifu mkubwa, kama ni nyingi au chache. Hazionyeshi kama inafanya kazi. Moyoni SERCA2a hushikwa breki na kijiprotini cha asidi amino 52 tu kiitwacho fosfolambani. Pampu zinaweza kuwa tele na zote zimefungwa breki. Nimeona sentensi "shughuli ya SERCA iliongezeka" chini ya picha ya kijani zaidi ya mara moja, na mtahini mmoja mwenye subira ndogo anatosha kukulaza hapo. Ukitaka shughuli, pima ATP inavyoliwa kukiwa na kalsiamu, kisha uizime pampu kwa thapsigajini uone kilichobaki.

Nitumie picha tatu za shavu, moyo na paja, pamoja na muda wa kamera wa kila moja na aina ya taa. Ya paja usiikate pembeni ili ipendeze. Nataka kuona zile nyuzi zenye giza.